Barazani kwa Shangazi: "Umekuwa mzungu?" Siku moja Mjini, peke yako

Mwezi huu barua nyingi ni za watu wanaotaka kutembea Mjini, sijui ni msimu au ni haya mambo ya kuonyeshana picha kwenye simu, kwahiyo ndoa na mikopo tunaviweka kando kidogo, watakaokasirika wanisamehe.

*

Asalaam alaykum Shangazi. Mie msichana wa miaka 26, natokea Wete. Mwezi ujao nakuja Unguja kufuatilia karatasi zangu, ila nimejitengea siku moja nzima ya kutembea tu, peke yangu. Nalala kwa khalati Jang'ombe lakini yeye anashinda kazini na watoto wanashinda skuli. Unguja nishafika mara nne tano, mara zote ni hospitali kumuuguza mtu au Darajani kununua nguo za Sikukuu, basi, nageuka narudi. Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu, naliona kwenye simu tu. Nikimwambia mama nataka kutembea anasema "unatafuta nini huko, umekuwa mzungu?" Nianzie wapi, nile wapi, na je, si aibu mtu kuzurura peke yake? — Msafiri, Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Mama msalimie sana, halafu mwambie huo mji si wa wazungu, wazungu wameukuta. Tena mkumbushe jambo moja ambalo nyie Wapemba mnalisahau. Mwaka 1872 kilipiga kimbunga hapa Unguja kikaiangusha mikarafuu karibu yote, Pemba ikasalimika, na tokea hapo karafuu ikawa ni ya kwenu. Sasa hilo Beit el Ajaib unaloliona kwenye simu Sultani Sayyid Barghash kalijenga 1883, yani miaka 11 baada ya kimbunga, hebu piga hesabu mwenyewe hela ya karafuu wakati huo ilikuwa inatoka kisiwa gani. Kwahiyo mtu wa Wete akija kusimama pale chini akaangalia juu, anaangalia na jasho la babu zake waliopanda mikarafuu na kuchuma, hata kama hakuna aliyewaandika jina. Mama akikuuliza tena unatafuta nini, mjibu hivo.

Aibu sioni. Sisi tunatoka kwenda kumuona mgonjwa, tunatoka harusini, tunatoka mazikoni, lakini mtu kutoka kwenda kutazama tu, bila mgonjwa bila maiti, imekuwa kama kosa. Mwanamke akikaa peke yake Forodhani watu wanadhani anamsubiri mtu. Wacha wadhani, dhana haina kodi.

Haya. Siku yenyewe isiwe siku ya ofisi, mana ukijidanganya kuwa utapitia ofisini saa moja halafu uendelee na matembezi, utaambiwa anayesaini katoka kidogo na hapo ndo siku imekwisha. Vaa viatu vya chini vilivyokwisha kuzoea mguu, sio vipya, baibui lako hilo hilo la kila siku, chupa ya maji, noti ndogondogo, simu iliyojaa chaji, na kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi usikiache kwa khalati, mana sehemu zenye kiingilio mkaazi halipi sawa na mgeni na wewe kwa lafudhi tu hawatokukatia tiketi ya ukaazi, wanataka kadi.

Anzia Darajani saa 1 na nusu asubuhi. Najua utasema Darajani napajua, lakini umepajua kwa kununua, hujapajua kwa kutazama. Hebu jiulize kwa nini paitwe Darajani na daraja lenyewe hulioni. Hapo palikuwa na maji mwanangu, mkono wa bahari ulikuwa ukiingia mpaka nyuma ya mji na watu wakivuka kwa daraja, wa huku wanawaita wa kule watu wa ng'ambo, na ndo hiyo Ng'ambo mpaka leo, pamefukiwa, maji yamekwenda zao, jina limebaki. Soko lenyewe ni la 1904. Pita upande wa samaki kabla jua halijapanda, utakuta pweza wanapigwa chini, watu wanapandishiana bei wamezunguka lundo la changu, nenda taratibu na unyanyue baibui mana chini ni maji matupu. Halafu chai, chapati na maharage kwenye vimgahawa vya kando, keti kabisa usile umesimama. Upande wa viungo pita haraka, vile vifurushi vya ukindu vimefungwa kwa ajili ya wageni, na mtu wa Wete akinunua karafuu Darajani atachekwa mpaka kwenye meli.

Kutoka hapo ni hatua chache tu unaingia Mkunazini, kanisa kubwa la Anglikana. Hapa ntakaa kidogo mana hapa ndo pazito. Palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa juu yake. Aliyelijenga ni Askofu Steere, bwana mmoja wa Kiingereza ambaye Kiswahili alikijua khasa, kakiandikia vitabu vya sarufi, na kazikwa humo humo nyuma ya altare. Wanaotembeza wageni watakwambia altare imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watu, na watakuonyesha nguzo za mawe zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, husimuliwa kuwa askofu alisafiri mafundi wakazigeuza, karudi kakuta kazi imeisha akasema wacheni zikae hivo hivo. Upande wa pili kuna vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kuwa ndimo walimowekwa watu kabla ya kuuzwa. Unashuka ngazi, unainama, dari iko hapo juu ya kichwa, mie ni mfupi na bado niliinama, dirisha ni upenyo tu, na yule bwana aliyekuwa akitutembeza alipotaja idadi ya watu waliokuwa wakijazwa humo hakuna aliyeuliza swali, tulisikilizana tunavyopumua. Nje kuna shimo lina masanamu ya watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya mama mmoja wa Sweden, Clara Sörnäs, 1998. Sikupiga picha. Wewe fanya utakavyoona. Na kama una wasiwasi wa kuingia kanisani, mie niliingia nikatazama nikatoka na dini yangu ile ile niliyoingia nayo.

Ukitoka hapo usiende kitu kingine moja kwa moja. Potea.

Nasema kweli, funga simu, mana hata Google Maps mule vichochoroni haina akili, ile nukta inarukaruka inakwambia uko juu ya paa la mtu. Siri ya Mji Mkongwe ni kuwa umekaa kama sambusa. Pande mbili bahari, upande wa tatu ni ile barabara ya Darajani ya magari. Kwahiyo ukishika kichochoro ukaenda nacho tu, hata upotee vipi, mwisho wake ama utatokea baharini ama utatokea kwenye honi za daladala. Hakuna pa kupotelea zaidi ya hapo. Hili nalijua kwa sababu mwanzo sikulijua, nimekuja mjini nina miaka 19, wiki ya kwanza nimetumwa boflo, yani mkate, na mama mkwe, nikaingia Kajificheni nikazunguka nikazunguka nikampita fundi cherehani mmoja mara tatu, ya tatu kanyanyua kichwa kaniambia "bibi, mara ya nne utalipa kiingilio." Boflo lilifika nyumbani limepoa na mie nimelia. Leo nikipita hapo nacheka peke yangu, na jina lenyewe hebu lisikilize, Kajificheni, mtu ulitegemea nini.

Majina ya mitaa yasome ukipita. Sokomuhogo, Hamamni (hapo ndo ilipo hamamu, yani bafu la umma, ya Barghash, ukilikuta lango wazi ingia), Hurumzi ambayo wenyewe wanasema imetokana na uhuru, pale ndipo watumwa wa Wahindi walipokuwa wakiandikiwa uhuru wao. Ukisikia nyuma yako "hodi hodi hodi!" jua ni hamali na mkokoteni wake, jibane ukutani. Vespa haisemi hodi, Vespa inapita tu, kwahiyo simu usiende nayo mkononi upande wa njia.

Chagua mlango mmoja, mmoja tu, usimame nao dakika 10. Watu wanapiga picha milango 60 na hawajauona hata mmoja. Angalia juu kwanza, kama kizingiti kimenyooka ni mtindo wa Kiarabu, kama umetiwa upinde ni wa Kihindi. Halafu shuka chini kabisa mguuni pa fremu, mara nyingi utakuta samaki, magamba yake yamechongwa moja moja, na juu ya samaki mistari ya mawimbi, halafu mnyororo unapanda pembeni ya fremu mpaka juu, na kule juu maua ya yungiyungi au makuti ya mtende. Ule mti wa katikati unaozibana mbao mbili unaitwa mfaa, nao hauachwi mtupu. Ukibahatika utakuta na aya ya Quran imechongwa juu na mwaka wa Kiislamu wa nyumba hiyo. Ile misumari ya shaba yenye vichwa virefu wanasema asili yake India, ya kuzuia ndovu wasivunje mlango, sasa Unguja ndovu wa nini, lakini mtu akijenga nyumba ya mawe lazima jirani ajue. Ipapase. Ikiwa mwenye nyumba kakaa barazani msalimie kwanza ndo upapase.

Na salamu ndo pasi yako mule ndani. Ukipita kimya unaonekana mgeni, ukisema "salaam alaykum" au "sabalkheri" kwa wazee wamekaa, unaonekana mtoto wa watu, na papasi, wale wanaowang'ang'ania wageni kuwatembeza, hawakufuati tena. Pale Jaws Corner, kwenye njia tano za Sokomuhogo, utakuta wanaume wanacheza bao na dhumna, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Hapo ntakuwa mkweli, ni baraza ya kiume, hakuna atakayekufukuza lakini utajihisi umeingia ukumbini kwa watu. Mie hununua kahawa na kashata nikaenda kunywea kibaraza cha mbele kidogo. Wasichana wa sasa naona wanakaa hapo hapo na hakuna kilichovunjika.

Adhuhuri ikifika si misikiti yote ya Mjini ina sehemu ya wanawake, ulizia mapema, usingoje adhana. Kula Lukmaan pale Mkunazini kwenye mbuyu, si kwamba wananilipa, ni kwa sababu vyakula vimewekwa mbele yako unaviona unanyoosha kidole, na mtu akiwa peke yake hakuna anayemshangaa, kila mtu yuko na sahani yake. Pweza wa nazi, na mkate wa kumimina kama upo.

Jua la saa 8 usishindane nalo. Keti. Nusu ya matembezi ni kukaa, na hilo wageni wanaokimbizwa na ratiba hawalijui. Ndo saa ya urojo. Najua Pemba urojo mnao, lakini wa Mjini kaa utazame unavyopakuliwa, kwanza mbatata, halafu bajia na kachori zinapondwa kwa kijiko, mshikaki unavuliwa kijiti, mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe unamwagwa juu, chatne ya nazi, pilipili (sema "kidogo" mara mbili, mara moja hawasikii), na mwisho kabisa muhogo uliokwanguliwa ukakaangwa ndo unanyunyizwa, huo uule mwanzo kabla haujalainika.

Saa 10 teremkia baharini. Beit el Ajaib huingii mwanangu, Disemba 25 mwaka 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na mnara wa saa pamoja nao, na tokea hapo limo mikononi mwa mafundi. Siku ile mie nilisikia mtu anapiga kelele mtaani nikadhani kuna moto. Sasa unalitazama kwa nje tu, na kutazama kwa nje bado kunatosha kukutia uchungu. Sogea kwenye Kasri jirani, ukilikuta wazi uliza chumba cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani, yule alikuwa msafiri wa peke yake kuliko sisi sote. Mbele ya hapo hapo ndo palipopigwa vita vya Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zimefyatua saa 3 asubuhi na kabla ya saa 4 bendera imeshushwa, dakika 38 wanasema wengine, wengine 45, yani bibi aliyebandika maharage asubuhi ile vita vimekwisha maharage hayajaiva.

Ngome Kongwe ingia, ukae kivulini dakika chache, hiyo wameijenga Waarabu wa Oman walipomtoa Mreno mwishoni mwa miaka ya 1690. Halafu Forodhani, ukutani, miguu inaning'inia, uwatazame vijana wanaojirusha. Wanaanzia mbali kabisa, wanakuja mbio, mguu wa mwisho unapiga ukingo na wanajikunja hewani, kila mmoja ana staili yake na kila mmoja anaangalia kama umemtazama. Hakuna kiingilio. Jua linapotua nyuma ya majahazi utasahau miguu inauma.

Chakula cha usiku cha Forodhani, uliza bei kabla ya kunyoosha kidole. Niliwahi kwenda na mgeni wangu wa bara, nimevaa miwani ya jua nimejitia mtalii, nikaagiza pweza na mishkaki miwili mitatu na miwa bila kuuliza, yule muuzaji akanitajia bei nikadhani anataja namba yake ya simu. Nililipa, kwa sababu mgeni alikuwa ananiangalia, lakini siku ya pili nilirudi bila miwani nikasema "baba, jana uliniuzia pweza wa dhahabu," akacheka akanifungia mkate wa maji bure. Wewe uliza tu kwa Kipemba chako, inatosha.

Saa 2 usiku uwe kwenye gari. Vichochoro vya usiku taa ni chache, tembea barabara kubwa yenye maduka mpaka utokee Darajani. Na khalati mwambie asubuhi unakwenda wapi, sio kwa kuomba ruhusa, kwa sababu simu huwa zinazima. Halua ya Wete usisahau, ya khalati, na kama una nafasi mkobani na ya Shangazi.

*

Shangazi shikamoo. Mie mkaka wa Dar, nakuja Zanzibar kikazi, Ijumaa ntakuwa na saa kama nne za bure mchana kabla ya boti ya jioni. Washkaji wanasema lazima niende kisiwa cha Changuu nikaone kobe. Niko peke yangu. Na hao papasi nawakwepaje, kila nikishuka bandarini wananing'ang'ania. — Mkaka wa Boti

Marahaba. Usiende. Sio kwamba kobe si wazuri, ni wazuri sana, wakubwa kama meza, asili yao waliletwa wanne kutoka Shelisheli 1919, na hilo jela la kule lililojengwa 1893 halikuwahi kufunga mfungwa, likageuzwa karantini ya wagonjwa wa melini. Lakini boti ya kwenda kule inakodiwa nzima, mtu mmoja unabeba nauli ya watu wanane, na ukiongeza kusubiri mawimbi na kusubiri nahodha amalize kuswali Ijumaa, saa zako nne zimekwenda na boti ya Dar imekwenda. Changuu nenda siku una kundi, au ujiunge na kundi la watu pale ufukweni mapema asubuhi.

Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa, kwahiyo usije na mipango ya kununua. Kama unaswali nenda Malindi kwenye msikiti wenye mnara uliochongoka, hapo hapo karibu na bandari. Ukitoka shika Mizingani taratibu, utaipita ile zahanati ya zamani yenye varanda za mbao zilizotobolewa kama lesi, ya tajiri Tharia Topan, jiwe la msingi limewekwa 1887 yeye mwenyewe hakuiona kuisha, halafu Mtini, halafu Forodhani. Saa mbili kwa mwendo wa pole. Mbili zilizobaki kula na ulale kwenye kivuli.

Papasi usimkimbie na usimgombeze. Tatizo lenu watu wa bara mnajifanya hamumsikii, naye anafikiri hujui lugha, anaongeza sauti na anageuza Kitaliano. Msalimie Kiswahili kwa urefu, habari za kazi, za toka asubuhi, nyumbani hawajambo, mpaka yeye ndo achoke. Halafu mwambie "leo natembea tu ami." Ataondoka kutafuta riziki yake.

*

Salaam Shangazi. Mie nimezaliwa Kikwajuni na nimekulia Michenzani. Kila mgeni akija anapelekwa Mji Mkongwe, milango, milango, milango. Kwani sisi Ng'ambo hatuna cha kutazamwa? — Mtoto wa Ng'ambo

Umenipata, mana hapo juu nimemwandikia msichana wa watu ukurasa mzima na Ng'ambo nimeitaja kwa jina tu. Mji Mkongwe umetiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, basi tokea hapo sote tumekuwa kama tumesahau kuwa watu wengi wa mji huu hawalali huko, wanalala kwenu.

Mie nikitaka kumuonyesha mtu Ng'ambo namsimamisha Kisonge, katikati ya mzunguko wa Michenzani, namwambia geuka pole pole. Yale majumba yanakwenda pande zote nne kama matreni yamesimama kituoni, yamejengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na mtu anaweza kuyasema mabaya, wenyewe wasanifu wanayasema, lakini nenda saa 11 jioni utazame kila dirisha na pazia lake, nguo zinaning'inia, watoto wanapiga mpira chini, mama kaweka meza ya maandazi mlangoni, mtu wa ghorofa ya tano anashusha kikapu kwa kamba apandishiwe mkate. Hapo ndo unaona mji unaishi. Mji Mkongwe saa hiyo mwenye nyumba kampangisha mtalii, kahamia kwenu.

Halafu shuka Kisiwandui alipozikwa Mzee, alipouliwa 1972, pita Mnazi Mmoja uangalie lile kuba jeupe la Makumbusho, la 1925, kalichora Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mwakilishi mkuu wa serikali yao hapa (British Resident), wageni wengi wanadhani ni msikiti na wanavua viatu. Uwanja wa Mnazi Mmoja wenyewe ulikuwa maji, ni ule ule mkono wa bahari niliousema, kwahiyo ukicheza mpira pale unakimbia juu ya bahari.

Kwahiyo nakubali kosa. Msafiri wa Wete, kama unasoma, jioni ya siku yako kabla hujapanda gari ya Jang'ombe pitia Michenzani ule mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju, utazame kwa nusu saa. Na wewe Mtoto wa Ng'ambo, najua unachokifikiria, unataka Shangazi akukutanishe naye umtembeze. Hapana. Kasema peke yake.